DMX 192 Imetua Babati: Mixa ya Taa Ambayo Bendi Ndogo Inaimudu

Jamani wapiga muziki wa Babati, Hanang, Mbulu na Kondoa, nisikilizeni! Kuna mashine ya bei ya gitaa la kujifunzia ambayo inazifanya taa zenu zifuate wimbo. Sizungumzii taa za kumetameta ovyo kila dramu inapolia. Nazungumzia taa zinazotulia mwimbaji anapoanza ubeti, zinazofunguka kiitikio kikiingia, kisha zinalipuka magitaa yanapojibizana na chemko likianza, na yote hayo kwa sababu kuna mtu wa bendi ameweka kidole pale na kuamua iwe hivyo. Mashine yenyewe inaitwa DMX 192. Ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi, na tayari nimeipeleka kazini. Siwezi kunyamaza.

Mkoa wetu wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na tangu hapo mji umekuwa ukipanuka kila upande: Bagara, Maisaka, Nangara, Singe. Kumbi zimeongezeka, na kila Jumamosi kuna harusi, send-off, kipaimara au uzinduzi wa albamu ya kwaya. Bendi zinaalikwa, spika zinakodiwa, mapambo yanapendeza kweli kweli. Lakini taa? Wengi wetu tuna PAR nne au sita za LED tulizonunua kidogo kidogo, kila moja imewekwa kwenye hali ya kusikiliza sauti yenyewe. Kila taa ina maiki yake ndogo ndani, basi kila taa inaamua yake. Hii nyekundu, ile kijani, ya tatu imezimika, na mwimbaji katikati uso haujulikani. Tatizo hilo ndilo DMX 192 inalolimaliza.

Kwenye boksi

Mzigo ulikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na niliilipia chini ya laki mbili. Ndani kuna mixa yenyewe, adapta ya umeme na kijitabu cha Kiingereza chenye herufi ndogo. Plagi ya adapta ni ya miguu miwili, kwa hiyo andaa kiunganishi cha soketi zetu za miguu mitatu.

Ukiishika utaipenda. Upana wake ni ule wa inchi 19, unaoingia kwenye makabati ya vifaa vya muziki, na uzito ni kilo mbili na kitu, inabebwa kwapani. Uso ni wa bati jeusi. Kushoto kuna vitufe 12 vilivyoandikwa SCANNERS, kila kimoja ni cha taa moja au kundi la taa. Katikati kuna vitufe 8 vya sini, yaani mipangilio ya taa unayoihifadhi, na chini yake fada 8 za kusukuma juu na chini. Kuna fada mbili zaidi, moja ya mwendo na moja ya muda wa rangi kuyeyuka kuingia nyingine. Kulia kuna vitufe vya kuchagua benki, kuendesha taa kwa mfululizo, kufuata muziki, na kile muhimu kuliko vyote: BLACKOUT, kinachozima kila kitu kwa mguso mmoja.

DMX 192 hutengenezwa China na viwanda vingi, kwa majina mengi, lakini mpangilio ni uleule. Ukikutana na Obey 40 ya kampuni ya Chauvet ya Marekani, jua hao ni ndugu: taa 12, chaneli 16 kwa kila taa, jumla chaneli 192, benki 30 zenye sini 8 kila moja. Hizo ni sini 240! Bendi yenye nyimbo 40 inaweza kuupa kila wimbo sini tano na bado ikabakiwa na nafasi.

Waya mmoja unabeba yote

Zamani kila taa ya jukwaani ilihitaji waya wake wa kuiongoza, na kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya ufundi wa jukwaa, USITT, ikatoa kanuni moja ikaitwa DMX512. Kwa kanuni hiyo waya mmoja unabeba chaneli hadi 512, na kila chaneli inapokea namba kati ya 0 na 255. Sifuri ni kuzima, 255 ni kuwaka kabisa. Namba hizo zinatumwa upya mara nyingi kila sekunde, hadi mara 44 waya ukibeba chaneli zote, ndiyo maana ukisukuma fada taa inaitika papo hapo.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha taa za matamasha makubwa duniani, na PAR yako ya bei ya chini pia imeandikwa DMX mgongoni, ina tundu la kuingiza na tundu la kutoa. Umeshalipia uwezo huo, ulikuwa umelala tu.

Sini ya kwanza

Hapa ndipo niliporuka kwenye kiti. Unabonyeza PROGRAM na kuishikilia kama sekunde tatu mpaka kitaa chake kianze kupepesa. Unabonyeza kitufe cha taa namba 1. Sasa fada zote nane ni za taa hiyo. PAR nyingi za rangi nne zinazouzwa kwetu hupanga hivi: fada ya kwanza ni mwanga wa jumla, ya pili nyekundu, ya tatu kijani, ya nne bluu, ya tano nyeupe, ya sita ni ya kupepesa. Kama taa ina chaneli zaidi ya nane, kitufe cha PAGE SELECT kinakupeleka kwenye nane nyingine.

Nilisukuma mwanga wa jumla juu, nyekundu juu kabisa, kijani chini kidogo ya nusu, bluu sifuri, nyeupe kiasi. Ukuta ukawa wa dhahabu! Rangi ile ya jua la saa kumi na mbili jioni likiushika Mlima Kwaraha. Nikabonyeza MIDI/REC, nikabonyeza sini namba 1, vitaa vya mixa vikapepesa mara tatu kunijulisha kwamba imehifadhi. Basi. Nikachomoa plagi makusudi, kama TANESCO wamekata, nikarudisha. Yangu huwaka ikiwa kwenye BLACKOUT, kwa hiyo unaibonyeza mara moja kuitoa. Sini zote zilikuwepo.

Na hiyo rangi ya dhahabu ishikeni, ni ya muhimu mno. Ngozi zetu nyeusi zinapendeza ajabu kwenye mwanga wa joto, ila ukimpiga mwimbaji bluu tupu au kijani tupu usoni, sura inapotea na mpiga video wa harusi atalalamika. Mbele weka dhahabu au nyeupe ya joto. Bluu, zambarau na nyekundu nzito zipeleke nyuma, ziwapige wanamuziki mgongoni na kupaka rangi ukuta. Kwa taa sita, mbili mbele na nne nyuma, jukwaa linapata kina ambacho hujawahi kukiona ukumbini kwenu.

Namba zinazowashinda wengi

Mafundi wengi huikatia tamaa mashine hii kwenye anwani za taa, na ni jambo la dakika tano. Kila taa lazima iambiwe inaanzia chaneli ya ngapi. DMX 192 imegawa chaneli zake kumi na sita kumi na sita, bila kujali taa yako inatumia ngapi. Kwa hiyo taa ya kwanza ni 001, ya pili 017, ya tatu 033, ya nne 049, ya tano 065, ya sita 081, ya saba 097, ya nane 113, na kuendelea hivyo hadi ya kumi na mbili, ambayo ni 177. Taa yenye chaneli nane ukiiwekea 009 ukidhani unabana nafasi, itaangukia katikati ya eneo la taa ya kwanza, na vitufe vitakuchanganya usiku kucha.

Nyuma ya PAR kuna kioo kidogo na vitufe vinne. Bonyeza MENU mpaka uone herufi d au A ikifuatwa na tarakimu tatu, panda au shuka hadi namba yako, thibitisha. Nilibandika kipande cha plasta nyeupe kwenye kila taa na kuandika namba yake kwa kalamu nene, ili atakayefunga taa gizani asiulize mtu. Uzuri mwingine: taa mbili ukizipa anwani moja, zinatembea pamoja. Za nyuma kushoto na kulia nimezifanya jozi, kazi ikapungua nusu.

Waya nao ni mnyororo: kutoka mixa hadi taa ya kwanza, kutoka tundu la kutoa la taa ya kwanza hadi ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Usigawe waya mmoja kuwa mbili njiani. Na kwenye taa ya mwisho chomeka kizibo: plagi ya XLR yenye rizista ya omu 120 iliyolehemiwa kati ya pini ya 2 na ya 3. Fundi redio yeyote mjini atakutengenezea. Bila hicho kizibo, kwenye waya mrefu ujumbe hugonga mwisho na kurudi, ndipo taa zinaanza kucheza zenyewe. Kebo za maiki hufanya kazi kwa umbali mfupi, ila ukipata pesa nunua za DMX zenyewe.

Ukumbini

Tuliifunga kwenye harusi, ukumbi mmoja maeneo ya Bagara, bendi ya watu sita. Nilipanga hivi. Benki ya 1 ni ya nyimbo za polepole: dhahabu mbele, na nyuma rangi zinayeyuka taratibu kutoka zambarau hadi nyekundu. Benki ya 2 ni chemko: rangi nzito, mabadiliko ya ghafla. Benki ya 3 ni ya shughuli. Sini ya kwanza MC, nyeupe safi. Ya pili maharusi wakiingia. Ya tatu keki. Ya nne ni wakati wa kutunza, mwanga umejaa mbele ya jukwaa ili kila mwenye noti yake aonekane akimtunza mwimbaji. Ya tano ni rangi mbili ambazo kamati ya harusi ilichagua, zambarau na dhahabu. Watu wa mapambo walipoona taa zinafanana na vitambaa vyao, walikuja kupiga picha.

Kisha bendi ikaanza. Wimbo wa dansi una nyumba mbili, na mashabiki wa bendi za Msondo na Sikinde wanalijua hili tangu utotoni: kwanza mashairi yanaimbwa kwa utulivu, halafu magitaa yanajibizana na watu wanainuka vitini. Mwimbaji alipoimba, jukwaa lilikuwa dhahabu na zambarau, limetulia tuli. Mpiga solo akapandisha, mpiga dramu akatupia mapigo yale manne ya kufungua, nami nikabonyeza. Nyekundu! Ukumbi mzima ulipiga kelele. Nilirudia kwenye wimbo uliofuata, lakini mara hii nikatangulia na BLACKOUT kwa pigo moja, giza totoro, kisha taa zote na besi kwa pamoja. Watu walikimbilia kati.

Mzee wa kamati alinifuata wakati wa chakula. “Kijana wangu, hizi taa mmezikodi wapi?” Nikamjibu, “Shikamoo mzee, ni zilezile za siku zote.” Hakuamini. Ni kweli, zilikuwa zilezile, hatukuongeza hata moja.

Umeme haukutusumbua. Mixa yenyewe haifiki wati 10. PAR yenye vidoa 54 vya wati 3 kwa maandishi ni wati 162, na nane zake hazifiki 1,300. PAR za balbu za zamani za wati 1,000 zingekula 8,000. Kwa hiyo hata siku ya jenereta, taa zinabaki jukwaani.

Kwaya mnahusika pia

Wana kwaya, msidhani haya ni ya dansi tu. Kwenye uzinduzi wa albamu hamhitaji taa za kurukaruka. Fada ya muda wa kuyeyuka isukumeni juu, wekeni sini tatu au nne za joto, na kila wimbo uingie kwa rangi yake polepole. Nyuso za waimbaji wote hadi mstari wa nyuma zitaonekana, na video itatoka safi. Kama mna kinanda kidogo cha ziada chenye tundu la MIDI, mixa ina tundu la kukipokea. Kwa mpangilio wa kijitabu chake, noti 0 hadi 7 ni benki ya 1, 8 hadi 15 benki ya 2, na kuendelea. Ufunguo wa chini kabisa wa kinanda cha funguo 61 hutoa noti 36, yaani benki ya 5, sini ya 5. Mwalimu wa kwaya anaweza kubadilisha taa huku anaongoza waimbaji!

Na nyinginezo je?

Kwa mwenye kompyuta mpakato kuna QLC+, programu ya bure kabisa inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Unahitaji kifaa kidogo cha kugeuza USB kuwa DMX, na unaweza kuandika orodha ya nyimbo kwa majina na kubonyeza kitufe kimoja kuendelea mbele. Ni nzuri mno kwa tamthilia na kwa kwaya zenye ratiba isiyobadilika. Lakini katika harusi MC hubadilisha mambo bila taarifa, soda zinamwagika, na vumbi letu la kiangazi linaingia kila tundu. Hapo nataka fada ninazozipapasa gizani bila kutafuta panya wa kompyuta.

Mixa za chaneli 384 na 512 zipo pia, na bei imepanda nazo. Piga hesabu kabla hujavutwa na namba: taa nane za chaneli nane ni chaneli 64 tu. Zile za hali ya juu, kama grandMA ya Ujerumani, bei yake ni ya gari. Ziache kwa majukwaa ya ukubwa wa tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar. Na kijana anayetaka kuifanya taa kuwa taaluma, Bagamoyo ipo: chuo chetu cha sanaa, TaSUBa, ndipo nyumbani kwa ufundi wa jukwaa nchini.

Yanayohitaji uangalifu

Haina sehemu ya kuandika majina ya sini, kwa hiyo bandika plasta juu ya vitufe na uandike: UBETI, KIITIKIO, CHEMKO. Hali ya kufuata muziki husikia kila kitu, makofi na vigelegele vikiwemo. Iweke mixa karibu na dramu kama utaitumia, ila mimi nakusihi utumie kidole. Ukibonyeza AUTO inazungusha sini zote za benki uliyopo, hivyo usichanganye nyeupe ya MC na sini za chemko katika benki moja. Mifululizo ya kuhifadhi ni sita tu, ichague vizuri. Na vumbi ni adui wa fada: ifunike kitambaa ikiwa haitumiki, isafiri ndani ya boksi lake.

Ukienda dukani

Usinunue bila kuiwasha. Sukuma kila fada kutoka chini hadi juu, namba kwenye kioo ipande bila kurukaruka hadi 255. Bonyeza vitufe vyote 12 vya taa. Hakikisha adapta iliyomo ndiyo yake. Nenda na PAR yako moja na kebo moja ya XLR ya pini tatu, uhifadhi sini mbili palepale, uzime, uwashe, uone kama zimebaki. Muuzaji mwaminifu atakuachia ufanye yote.

Na viongozi wa bendi, hili nalisema kwa moyo wote: mkiwa na taa nne na pesa kidogo kibindoni, msiikimbilie taa ya tano. Nunueni kwanza DMX 192, na mmoja wenu, awe ni yule kijana anayebeba spika na hajawahi kupewa nafasi jukwaani, apewe kuwa mpiga taa. Aje mazoezini kama wengine, ajue chemko la kila wimbo linaingia pigo la ngapi. Jina lake litajwe bendi inapotambulishwa, kwa sababu usiku ule naye anapiga muziki.